Kiti Iko na Bei

Hamjambo, ndugu zangu. Mama mwenyekiti, salamu. Mweka hazina, salamu na wewe pia. Usiende mbali, nitakurudia mwisho.

Kabla sijaanza, mama mwenyekiti, unisamehe neno moja. Wewe ni mwenyekiti wa chama, sawa, tulikuchagua wenyewe kwa kuinua mikono. Lakini mwenye viti hapa ni mimi. Hivi hamsini vya kijani mlivyokalia ni vyangu. Basi leo wenyeviti tuko wawili. Chekeni, chekeni sasa hivi, kwa sababu huko mbele kicheko ni kidogo.

Kiswahili changu ni cha kambini. Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa Koboko, akaoa huku Arua, na nyumbani amri zote zilitoka kwa Kiswahili tangu asubuhi. Nikivunja mahali, okoteni vipande mwendelee. Hapa iko Mlugbara, iko Mkakwa, iko mama wa samaki wa upande wa Congo. Kila mutu akishika lugha yake hatumalizi leo. Majina sitataja. Wengine ni wateja wangu.

Mnaniona na pikapu na viti, mnadhani huyu alizaliwa mfanyabiashara. Hapana. Mimi ni mtu wa adungu. Kwa wageni wetu ambao hawaijui: ni sanduku la mbao lenye shingo iliyopinda, na nyuzi tunafunga za nailoni, ile ya kuvulia samaki. Iko ndogo ya kuongoza wimbo, ziko za katikati, na iko kubwa ya bass, ambayo mtu akiibeba huoni kichwa chake, unaona miguu tu inatembea. Bendi yetu ilikuwa watu watano. Mimi nilikuwa kiongozi.

Tulipiga harusi, tulipiga matanga, tulipiga mahafali, tulipiga kampeni. Kampeni moja tulilipwa fulana. Fulana tano zenye sura ya mheshimiwa, basi. Mke wangu alipangusia sakafu. Sura ya mheshimiwa ilipangusa nyumba yetu miaka mitatu, na nawaambia ukweli, hiyo ndiyo kazi pekee aliyotufanyia.

Sasa nisikilizeni kuhusu neno moja. Mwenye hema akipigiwa simu anaambiwa, "Bwana, tuko na kazi, bei gani?" Mwenye viti anaambiwa, "Viti mia mbili, bei gani?" Mpishi, bei gani. Mtu wa jenereta, bei gani. Halafu wanampigia mtu wa adungu. Mnajua wanamwambia nini? "Ndugu yetu, kuja utusaidie kidogo."

Kutusaidia! Kana kwamba gari yao imekwama kwenye matope na mimi napita njiani. Na mimi, mjinga, nafurahi kuitwa ndugu. Sikuuliza bei. Kwetu ukimuuliza bei mtu aliyekuita ndugu, unaonekana huna adabu. Nafunga adungu kwenye bodaboda, naenda kusaidia.

Tunapiga tangu saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Watu wanacheza, vumbi inapanda, mama wanapiga vigelegele. Mtu akiguswa na wimbo anakuja anakubandika noti ya elfu moja kwenye kipaji cha uso, jasho inaishika hapo, wewe unaendelea kupiga. Ni heshima, sikatai. Lakini mwisho wa sherehe nikienda kwa mtu wa kamati, ananiangalia hivi: "Lakini si mmetunzwa? Mimi nimeona kwa macho yangu, noti zimejaa usoni." Yaani zile noti za wacheza ngoma, wamezihesabu kama mshahara wetu! Anakata hapo. Anakupa bahasha, elfu hamsini, elfu sitini kwa watu watano, na nauli iko ndani humo humo. "Asanteni, mmetusaidia sana." Ukimkazia macho, anamaliza hivi: "Lakini nyinyi si mnacheza tu? Wenzenu wamefanya kazi."

Mke wangu alivumilia. Alivumilia sana, leo yuko pale nyuma, mnaweza kumuuliza. Nikirudi namweleza jinsi watu walivyotushangilia, jinsi bibi mmoja alivyoanguka kwa kucheza akainuka akacheza tena. Siku moja akaniambia, "Baba watoto, watoto hawali makofi." Akachukua jembe lake na watoto, akaenda kwao Lobule kulima muhogo na karanga. Hakugomba. Angegomba ningejua pa kumshika.

Mpaka hapa mnanionea huruma. Ngojeni.

Katika bendi iko rafiki yangu, mtu wa Dadamu, ndiye alipiga bass. Tulianza pamoja tukiwa wadogo, kabla sauti hazijavunjika. Mtu mpole, mpole mpaka inakera. Bass yake ndiyo ilikuwa inawainua watu kwenye viti. Mimi nilikuwa napamba tu juu yake. Nilijua hivyo na sikumwambia hata siku moja.

Bahasha ikifika mkononi mwangu, nilikuwa nagawa hivi. Kwanza natoa nauli. Kisha nawapa wale wawili wachanga, kwa sababu wakikosa watahamia bendi nyingine. Kisha nampa mpiga ngoma, kwa sababu ni mtu wa ngumi. Kisha natoa yangu, kwa sababu ni kiongozi. Kinachobaki, nampa mtu wa bass. Siku nyingine kilibaki elfu tano. Siku nyingine hakikubaki kitu. Namwambia, "Wewe ni ndugu yangu, unaelewa." Anajibu, "Naelewa." Anafunga adungu yake kubwa kwenye baiskeli, anasukuma mpaka Dadamu.

Ndugu zangu, nawaambia, yule mtu wa kamati niliyemtukana hapa sasa hivi, alikuwa ndani ya shati langu.

Rafiki yangu alipata ngiri. Tumbo la chini, uvimbe unatoka, unarudi. Ni ule mzigo. Adungu kubwa si mzigo wa mtu mmoja. Daktari alimwambia, "Hii ipasuliwe, na usibebe kitu kizito mpaka ipasuliwe." Upasuaji wenyewe haukuwa pesa ya kutisha. Ni zile dawa na vifaa ambavyo unaambiwa ununue, na chakula cha siku za kulala, na mtu wa kulima badala yako. Karibu laki moja na nusu. Alikuwa anaweka kidogo kidogo kwenye kopo. Mimi nilijua. Nilijua mpaka rangi ya kopo.

Ndipo ikaja kazi ya Koboko. Mkubwa mmoja, mwenye malori, mtoto wake amehitimu chuo, wanachinja ng'ombe. Mtu wake wa kamati akanipigia: "Ndugu, kuja utusaidie kidogo. Safari hii tutawaangalia vizuri." Lile neno "vizuri" nililila kama asali. Nikaenda Dadamu mwenyewe, nikamwambia rafiki yangu, "Ya Koboko yote nakupa wewe. Kopo lijae, ukapasuliwe wiki ijayo." Na nilikuwa na maana hiyo, Mungu ananiona.

Asubuhi ya safari akanipigia. Sauti yake ilikuwa chini. "Leo mwili umekataa. Weka mtu mwingine kwenye bass."

Mtu mwingine nitampata wapi asubuhi? Na kama simpati, bendi bila bass ni kelele. Nikamwambia maneno haya, nayakumbuka kama nilivyoyasema: "Nisaidie kidogo. Leo tu."

Akajibu, "Naelewa. Nakuja."

Tulifika Koboko. Gari ilituacha barabarani, akabeba bass mpaka uwanja wa mkubwa. Nilimwona anasimama mara mbili njiani, anaweka chini, anabeba tena. Mimi nilikuwa na adungu yangu ndogo kwapani na mkono mmoja mtupu. Sikumpokea. Nilikuwa mbele, nasalimiana na watu wakubwa.

Uwanjani palikuwa na mahema sita na viti mia tatu vya plastiki. Mwenye viti alikuwa mzee mmoja mnene, amekaa kivulini na redio yake, anatafuna nyama. Nikamsalimia, tukaongea kidogo. Nikamuuliza, "Mzee, wamekulipa?" Akashangaa na swali. "Nusu kabla sijashusha. Nusu nyingine iko hapa," akapapasa mfuko. "Mimi sishushi viti bila nusu. Wewe unashusha?"

Nikacheka.

Tukapiga. Rafiki yangu walimpa kiti, akakaa nyuma ya bass, na kwa saa mbili tatu alipiga vizuri. Kisha wageni wakaongezeka. Akaja kijana wa kamati, amevaa suti, anahesabu watu kwa kidole. Akasema, "Watu wa muziki, pisheni viti. Viti iko na bei, ni ya wageni."

Nikainuka. Sote tukainuka. Rafiki yangu akaniangalia. Nilipaswa kusema, "Huyu ni mgonjwa, mwacheni." Maneno manne tu! Mdomo wangu ulikuwa na nyimbo mia, na maneno manne yakanishinda, kwa sababu niliogopa kuharibu ile "vizuri". Wakachukua kiti. Akapiga bass akiwa amesimama, ameegemea shingo yake, kuanzia hapo mpaka mchana ukaisha.

Sasa mkae sawa, hii inaniumiza mpaka leo. Mgeni mmoja mzito alikaa kwenye kiti, mguu wa kiti ukavunjika, pa! Watu wakacheka. Mwenye viti akainuka polepole, akakiokota kile kiti, akakionyesha kamati. Wallahi, haikufika dakika tano. Walimlipa elfu thelathini palepale, mkononi, na wakamwomba msamaha. Waliomba msamaha kwa kiti.

Muda si mrefu bass ikanyamaza. Nikageuka. Rafiki yangu alikuwa amepiga magoti, ameshika tumbo, jasho inamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji. Watu walidhani ni mtindo wa kucheza. Mama mmoja alimbandika noti usoni.

Tukambeba nyuma ya hema. Uvimbe ulikuwa umegoma kurudi ndani, umekuwa mgumu kama jiwe. Akasema, "Nipeleke." Nikasema, "Ngoja nichukue pesa yetu, hatuna hata nauli." Nikaenda kwa mtu wa kamati. "Ngoja hotuba ziishe." Nikangoja. Nikarudi. "Ngoja mkubwa akate keki." Nikangoja keki. Ndugu zangu, nilingoja keki! Saa mbili nzima. Ningeweza kumwendea yule mzee wa viti, nikasema, mzee, tukopeshe gari yako. Angetupa, alikuwa mtu mwema, baadaye nilimjua. Ningeweza kupiga kelele katikati ya hotuba. Lakini mimi nilisimama na adabu yangu, nangoja bahasha.

Bahasha ikaja. Elfu hamsini. Watu watano. "Asanteni, mmetusaidia sana."

Tukamkimbiza hospitali ya Koboko, na watu wa hospitali wakatupa gari ya kumleta Arua. Madaktari walihangaika naye, sina neno juu yao. Walimpasua. Mmoja akanivuta pembeni akaniuliza, "Maumivu haya yalianza saa ngapi?" Nikamwambia. Akasema tu, "Ingekuwa mapema." Kesho yake asubuhi rafiki yangu akafa.

Nipeni maji kidogo. Asante, mama.

Tulizika Dadamu. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, sijala. Nikasikia gari inaingia. Viti. Jamaa wa marehemu walikuwa wamekodi viti na hema, mnajua huwezi kukalisha waombolezaji chini. Dereva akasimama, hakushusha. Akangoja. Mjomba wa marehemu akatoa pesa ya rambirambi, akahesabu, akampa, ndipo viti vikashuka. Wakati huohuo mzee mwingine wa ukoo akanijia, akanishika bega: "Mtoto wetu, kuja na wenzako mtusaidie kidogo. Mpigieni mwenzenu." Tukampigia. Bila bass. Bure, bila shaka bure, nani angedai?

Tulipopumzika, mjane wake akanijia. Hakulia. Aliniuliza, "Shemeji, siku ile ya Koboko mlipata ngapi?"

Nikamwambia elfu hamsini.

"Na hivi viti wamelipa ngapi?"

Nikamwambia kile nilichokisikia: laki moja na nusu.

Akaangalia viti, kimoja kimoja, watu wamekaa, wanakunywa chai. Pesa ileile ya upasuaji, kasoro sifuri. Akacheka kicheko kimoja kikavu, akasema, "Bora angezaliwa kiti."

Akaondoka. Kwangu mimi matanga yaliisha hapo.

Niliporudi mjini nilikata nyuzi zote za adungu yangu kwa wembe. Nikaanza waragi. Sikuwa mnywaji kabla. Nilijifunza haraka, kama kila kazi isiyolipa. Miezi saba. Kuna watu hapa waliniona nimelala njiani chini ya Arua Hill saa nne asubuhi, watumishi wa serikali wananiruka kwenda ofisini. Mmoja aliniambia, "Wewe si yule wa adungu? Kuja siku moja utusaidie kwenye harusi ya dada." Niko chini kwenye mtaro, na bado wananiomba niwasaidie! Nilimtukana matusi ya kambini yote, na mengine nikayatunga palepale.

Aliyenitoa mtaroni ni mtu mmoja. Jina lake sitaji, lakini yuko kwenye mstari wa pili, na ameinamisha kichwa. Ni yule mjane.

Alikuwa mwanachama hapa, anauza unga wa muhogo. Alinikuta, akasimama juu yangu na karai kichwani. Nikadhani amekuja kunilaani, na nilikuwa tayari. Akaniambia, "Inuka ukaoge. Mwenzako alikuwa anakuita ndugu. Mimi siwezi kuzika wawili." Kisha akasema, "Lakini usidhani nimekusamehe kile kiti."

Alijua habari ya kiti. Mpiga ngoma alikuwa amemwambia.

Akanileta hapa. Mnakumbuka siku ile? Nilinuka, mama mmoja alihamisha mtoto wake. Mkaniuliza nataka mkopo wa nini. Nikasema, viti sitini. Mkacheka, mkauliza mdhamini ni nani. Mimi sina mtu. Akainuka yeye, mjane wa rafiki yangu, akasema, "Mimi namdhamini. Anunue viti. Muziki umeshakula mmoja." Sanduku la akiba la chama likafunguliwa, kufuli tatu, moja baada ya nyingine. Ule mlio wa kufuli ya tatu ninao masikioni mpaka leo.

Nilinunua viti sitini. Nikawa na bei.

Ah, ndugu zangu, kuwa na bei ni kitu kitamu na kinauma! Mtu yuleyule aliyeniita ndugu miaka kumi, sasa ananiita bosi. Hakuna anayesema, "Bosi, kuja na viti utusaidie." Hakuna anayesema, "Lakini viti vyako si vimekaliwa na watu wakubwa, si heshima hiyo?" Wanalipa nusu, nashusha. Wanalipa nusu, napakia. Sikuimba hata noti moja, sikutoa jasho, na kwa mwezi mmoja nilipata kuliko mwaka mzima wa adungu. Nilirudisha mkopo. Nikaongeza viti. Nikaenda Lobule kwa wakwe zangu na gunia la sukari na adabu zangu zote. Mke wangu akaniangalia mikono kwanza, kuona kama inatetemeka. Haikutetemeka. Akarudi.

Nilikuwa nimepona? Watu walisema nimepona. Lakini kila nikishusha viti kwenye sherehe, nawaona vijana wa adungu pembeni, wamesimama juani. Nami nakaa kivulini na redio. Nimekuwa yule mzee mnene, ila sijanenepa bado.

Hadi siku ile simu ikalia, namba ya Koboko. Sauti ya yule mtu wa kamati niliijua kabla hajamaliza salamu. Yeye hakunijua. "Bosi, tuko na harusi ya mtoto wa mkubwa, viti mia mbili, bei gani?" Nikamwambia. "Hakuna shida, nusu natuma leo. Halafu bosi, unajua watu wa adungu huko Arua? Tupate wale wa kuja kutusaidia kidogo."

Nikakaa chini.

Nikamwambia, "Watu wa adungu ninao. Laki tano. Nusu kabla. Na kila mpigaji ana kiti chake, hakuna wa kukichukua."

Akacheka. "Laki tano? Kwa kucheza?"

"Basi na viti havipandi gari."

"Bosi, unafunga viti na adungu?"

"Nimefunga. Na hema zote utakazoita Koboko, wenye hema ni marafiki zangu."

Hilo la hema lilikuwa uongo, Mungu anisamehe. Lakini alilipa. Alilipa, ndugu zangu! Pesa ya muziki ilikuwepo siku zote. Ilikuwepo hata siku ile ya keki.

Nikafunga nyuzi mpya. Nikaenda Dadamu kuomba ile bass, kwa mjane. Hakunipa. Alinikodisha. Akanitajia bei bila kupepesa macho, na ninalipa kila nikiichukua, na leo nimelipa. Anayeipiga anabebwa na gari, na bass inabebwa na watu wawili. Na kwenye pikapu yangu viti vitano vya kwanza kushuka vina alama nyekundu chini. Hivyo ni vya muziki. Hata akija rais, atasimama.

Sasa nawashukuru. Nawashukuru nyinyi chama kwa kufungua sanduku kwa mtu aliyenuka. Namshukuru mke wangu, aliyerudi. Namshukuru mama wa mstari wa pili, ambaye amenitoa mtaroni na hajanisamehe, na ana haki. Mama, sikuombi unisamehe mbele za watu, ungeona haya kukataa. Na ninyi wenye kazi za mikono na sauti, msuka nywele, mshona nguo, mwimbaji wa kwaya, nawaambia: taja bei kabla hujashusha mzigo. Aliyekuita ndugu ataendelea kuwa ndugu baada ya kulipa. Na wewe unayegawa bahasha, mtazame yule asiyegomba. Mpe wa kwanza.

Ningeishia hapo, lakini iko jambo moja la leo.

Mama mwenyekiti, wiki iliyopita ulinipigia simu kuhusu mkutano huu. Ukasema, "Viti hamsini, bei tunaijua." Ukalipa nusu, vizuri kabisa. Halafu ukasema, na najua hukuwa na ubaya, ukasema, "Na kuja na adungu zako, ndugu yetu, utusaidie kidogo."

Uliona sikujibu. Najibu sasa.

Mweka hazina, simama. Hii hapa ni ile nusu ya viti. Shika. Leo viti ni bure, vikalieni mpaka jioni, mkivunja kimoja ni shauri langu. Nakopesha mtu pa kukaa, hainigharimu kitu.

Muziki ndio una bei. Bass iko ndani ya pikapu na wenzangu wanne wako pale mlangoni, wamekaa. Nusu ikilipwa, inashuka. Isipolipwa, tutasalimiana vizuri, tutakunywa chai, nitarudi nayo Dadamu kwa mwenyewe, na sitakuwa na kinyongo.

Ila lile neno msinirudishie tena. Mimi nililisema mara ya mwisho asubuhi moja, kwa simu, na mtu akaniitikia.

Mweka hazina, nakungoja.